Karafuu na Watu wa Kusini

Katika kila duka la Mkunya, baina ya viberiti na majani ya chai, utakuta karafuu. Huuzwa katika kijikaratasi kilichokunjwa au kifuko kidogo, punje kumi, punje ishirini, kwa fedha ambayo hata mtoto hutumwa nayo. Mama wa nyumbani hutia punje nne au tano katika pilau ya Idi au ya arusi, mbili katika chai ya rangi pamoja na tangawizi, na zinazobaki huzifunga katika pindo la kanga, zikingoja siku ambayo jino la mtu litauma. Ni kitu cha kila siku, na kitu cha kila siku hakiulizwi kilikotoka. Ukimbana mtu sana atakujibu, "Zinatoka Unguja," kwa namna ya kusema kwamba hizo ni habari za watu wa visiwani, sisi wa huku juu ya mlima hazituhusu.

Mimi nasema zinatuhusu sana. Pengine hakuna kiungo chochote jikoni mwetu ambacho watu wa kusini, wa Newala na Masasi na bonde lote la Ruvuma, wamekilipia kwa gharama kubwa kama hiki. Na kwa kuwa tunakitumia pia kama dawa, na siku hizi kinasifiwa kwa maradhi ambayo hakina uwezo nayo, nimeona niyaweke mambo haya mawili mahali pamoja: karafuu ilikotoka, na karafuu inachoweza kumfanyia mtu mwilini.

Kwanza tuitazame yenyewe. Karafuu si mbegu wala si tunda. Ni ua ambalo halijachanua, likachumwa mapema na kukaushwa juani. Ukiishika punje moja mbele ya macho utaona kikonyo chembamba, na juu yake vijimeno vinne vimekishika kijitufe. Kijitufe hicho ndiyo petali za ua, zimejikunja bado. Kwa umbo hilo Wazungu waliiona kama msumari, wakaipa jina lililotokana na neno la Kilatini la msumari. Sisi tulichukua jina kwa Waarabu. Mti wenyewe ni wa ukoo mmoja na mpera na mkaratusi, na ndugu yake wa karibu zaidi tunayemjua sote ni mzambarau. Anayesikia "karafuu maiti" asichanganye mambo: hiyo ni kafuri, itiwayo katika sanda, na hutokana na mti mwingine kabisa.

Kwa karne nyingi mikarafuu ilikuwa mahali pamoja tu duniani, visiwa vichache vya Maluku katika mashariki ya Indonesia ya leo, vikiwemo Ternate na Tidore. Kutoka huko karafuu zilisafiri mbali kabla mti wenyewe haujasafiri. Vitabu vya Kichina vinasimulia kwamba katika enzi ya watawala wa Han, ofisa aliyekwenda kuzungumza na mfalme alitakiwa aweke karafuu mdomoni ili pumzi yake isimkere mkubwa. Kwa hiyo kazi ya karafuu kinywani ni ya kale sana, kuliko hata pilau. Baadaye Wazungu nao wakashikwa na tamaa. Msafara wa Magellan uliondoka Hispania mwaka 1519 na merikebu tano na watu zaidi ya 200. Mwaka 1522 ikarudi merikebu moja, iitwayo Victoria, na watu 18, lakini tumboni mwake mlikuwa na zaidi ya tani 20 za karafuu. Waholanzi walipokuja kuitawala biashara hiyo katika karne ya 17 waliamuru mikarafuu ikatwe katika visiwa vingine na ibaki Ambon na jirani zake tu, ili bei isishuke. Siri ilivuja mwaka 1770, pale Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, alipofanikisha kuiba miche na kuipeleka Mauritius, na kutoka hapo ikafika Réunion. Jina lake Poivre, kwa Kifaransa, maana yake ni pilipili manga. Mtu akilitunga jambo kama hilo katika hadithi atacheka mwenyewe.

Hapo karafuu ilikuwa imekwisha kuingia katika bahari yetu. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarabu wa Oman aitwaye Saleh bin Haramil al-Abri, aliyekuwa na biashara na visiwa hivyo vya Wafaransa, alileta miche Unguja ikapandwa Mtoni na Kizimbani. Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipofika Unguja mwaka 1828 aliiona faida yake, akayatwaa mashamba ya Saleh na kuwahimiza matajiri wake wapande mikarafuu. Msitu ukafyekwa upande wa magharibi wa Unguja, kisha Pemba. Haikupita miaka mingi Zanzibar ikawa muuzaji mkubwa wa karafuu kuliko nchi nyingine zote.

Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake juu ya watumwa, viungo na pembe za ndovu kilichotoka mwaka 1987, ameeleza jambo ambalo nililisoma mara mbili ili niliamini. Mwaka 1822 Waingereza walimfanya Seyyid Said akubali mkataba wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, na hasa katika visiwa vya Wafaransa vilivyokuwa vikiwanunua kwa mashamba ya miwa. Wafanyabiashara wa watumwa wakabaki na mali isiyo na soko. Jawabu walilolipata ni hili: ikiwa mtumwa hawezi kuuzwa nje, basi afanyishwe kazi hapa hapa na kiuzwe kile anachokivuna. Karafuu ilikuja wakati huo huo, na ikafaa mno.

Ilifaa kwa sababu ya tabia ya mti wenyewe. Mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa, na muda wote huo unataka kupaliliwa. Ukianza kuzaa, vikonyo havikomai kwa pamoja; mti mmoja hupandwa mara tatu au nne katika msimu. Na ukichelewa siku chache tu, ua linachanua na thamani imekwenda. Kwa hiyo mwenye shamba anahitaji mikono mingi, tena kwa haraka, tena kila msimu. Mikono hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwetu.

Bandari ya kusini ilikuwa Kilwa Kivinje. Misafara ilitoka Ziwa Nyasa na nchi za Ruvuma, ikaja na Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua, Wamakonde. Katika miaka ya 1860 watu waliopitishwa Kilwa waliweza kufika 15,000 hadi 20,000 kwa mwaka mmoja, na wengi wao walivushwa kwenda Unguja. Baadhi waliendelea mpaka Uarabuni, lakini sehemu kubwa iliishia katika mikarafuu. Livingstone, aliyeshukia Mikindani mwaka 1866 na kufuata bonde la Ruvuma, yaani chini kabisa ya uwanda wetu, aliandika habari za maiti aliowakuta njiani wamefungwa kwenye miti, watu walioshindwa kutembea na ambao mwenye mali hakutaka mwingine amfaidi.

Mtu aliyezaliwa Mkunya na apime sasa jambo moja ambalo amelijua tangu utoto. Kwa nini wazee wetu walikaa huku juu, ambako hakuna mto wala kijito? Kila mgeni aliyeandika habari za uwanda wa Makonde tangu wakati wa Wajerumani alistaajabia jinsi wanawake walivyoteremka genge kwa saa nzima na zaidi, wakachota maji bondeni, wakapanda nayo kichwani. Kabla ya maji kuanza kusukumwa kwa mitambo katika miaka ya 1950, hayo ndiyo yalikuwa maisha. Watu wenye akili hawachagui nchi kama hiyo bila sababu. Sababu mojawapo, tena kubwa, ni usalama: vichaka vinene vya juu ya uwanda vilikuwa vigumu kupenya kwa mteka watu aliyetoka pwani na hata kwa Wangoni waliotoka magharibi. Maji yalikuwa bei ya kukaa mahali ambapo hukamatwi kwa urahisi. Hivyo hata yule ambaye hakuwahi kuiona karafuu kwa macho alikuwa ameilipia kwa shingo ya mkewe.

Wala tusijidanganye kwamba waovu wote walitoka nje. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa na fedha na majahazi, lakini msafara haukuweza kujaa bila watu wa bara wenyewe kushiriki. Njaa, madeni, vita na kesi za uchawi viliwatia wengi katika kamba. Kwa desturi zetu, sisi tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa wake; na wazee walisimulia kwa sauti ya chini kwamba katika miaka ya shida kauli hiyo ilifika mpaka kumtoa mpwa kulipa deni. Habari hizo hazisimuliwi jandoni, lakini zilikuwepo.

Mwezi Aprili mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika. Toka hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu, na ndivyo ilivyo hadi leo. Bei ikapanda, mashamba mapya yakafunguliwa, na kiu ya watumwa ikazidi wakati ule ule Waingereza walipokuwa wakimbana Sultani Barghash auzime mfereji. Juni 1873 alitia saini, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Lakini biashara haikufa siku ile. Kwa kuwa bahari ya kusini ililindwa, misafara iliswagwa kwa miguu kutoka Kilwa kufuata pwani hadi upande wa Pangani, na kutoka huko kuvushwa usiku kwenda Pemba. Iliwabidi watu wa kusini watembee safari ndefu zaidi kuliko awali.

Sasa nafika katika sehemu ya habari hii inayonigusa kuliko zote. Misheni ya Kiingereza ya Vyuo Vikuu, UMCA, ilinunua ardhi ya lile soko la Mkunazini na kujenga kanisa kubwa lililopo hadi leo. Askofu wake, Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili, alikuwa na watu wengi walioachwa huru, baadhi yao wameokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakakaa katika kijiji cha Mbweni. Wengi walikuwa wa kusini. Mwaka 1876 Steere aliondoka Unguja na kundi la watu hao wapatao 50, wanaume kwa wanawake, wakashuka Lindi na kuelekea bara. Nia yake ilikuwa kufika nchi za Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe ambavyo kila msafiri wa barabara ya Tunduru anavijua, watu wenyewe wakaona wamekaribia kwao vya kutosha, na nchi ni nzuri. Wakakaa. Ndivyo misheni ya Masasi ilivyoanza, na ndiyo sababu Masasi ilikuwa mji wa Kiswahili na wa shule mapema kuliko sehemu nyingi za bara.

Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba Masasi ililetewa ustaarabu na Wazungu. Mimi huwaza juu ya wale hamsini. Walikwenda pwani wamefungwa, wakarudi kwa miguu yao, nao ndio waliolima, waliojenga na waliofundisha. Na hawakuachwa wastarehe. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, wakaua na kuchukua mateka, kiasi kwamba mtu aliyekwisha kutekwa mara moja maishani alitekwa mara ya pili. Baada ya msiba huo misheni ilihamia Newala, huku juu kwetu, kwa sababu ile ile iliyowapandisha wazee wetu.

Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Zanzibar Aprili 1897. Fidia ilitolewa, lakini kwa wenye watumwa. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mahakamani auombe, na wengi walibaki katika mashamba yale yale kama wapangaji, wakipewa mahali pa kulima muhogo ili wapatikane msimu ukifika. Serikali ya kikoloni iliyoishi kwa kodi ya karafuu haikutaka mavuno yaoze mtini. Upungufu wa watu ulizibwa na vibarua kutoka bara, Wanyamwezi, Wasukuma, na tena Wamakonde, kutoka pande zote mbili za Ruvuma. Safari hii walikwenda kwa hiari na kwa ujira.

Mjomba wangu mmoja alikuwa miongoni mwao. Alikwenda Pemba mwishoni mwa miaka ya 1940, akakaa misimu kadhaa, akarudi na baiskeli, kanzu mbili, na lafudhi ambayo hakuiacha mpaka alipokufa. Kwake nilijifunza kazi yenyewe. Mchumaji hupanda alfajiri na kikapu na upembo wa kuvutia matawi. Tawi la mkarafuu ni la hila. Linaonekana nene nalo hukatika ghafla kama muhogo mbichi. Aliwaona watu wawili wakianguka, na mmoja hakuinuka tena. Hata leo, kila msimu, wapo wanaoanguka. Jioni wanawake na watoto hukaa katika duara kuchambua, wakizikunja shada kwa kiganja ili vikonyo viachane na makonyo, na ujira ulihesabiwa kwa pishi. Kisha huanikwa juu ya majamvi siku nne, tano au zaidi, mtu akitazama mawingu muda wote, kwa maana zikinyeshewa zinageuka rangi na harufu. Kilo tatu mbichi hubaki kama kilo moja kavu. Makonyo nayo hayatupwi. Pemba kuna kiwanda cha kuyakamulia mafuta, pale Wawi, karibu na Chake Chake.

Mambo ya siasa ya karafuu yangetaka kitabu kizima, nami nitayapitia mbio. Chama cha wakulima wa karafuu kilipewa mwaka 1934 mamlaka makubwa juu ya biashara hiyo, wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na mwaka 1937 na 1938 India ikazisusia karafuu za Zanzibar mpaka serikali ikalegeza kamba. Zanzibar ilipopata uhuru Desemba 1963 bendera yake ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani, na ndani ya duara karafuu mbili. Haikupepea zaidi ya mwezi mmoja na siku chache. Mapinduzi ya Januari 1964 yakaiteremsha, na mashamba makubwa yakagawiwa eka tatu tatu kwa waliokuwa hawana ardhi. Kisha ikaja zamu ya Indonesia. Watu wa huko huchanganya karafuu katika sigara zao ziitwazo kretek, na kwa miaka mingi walikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Wakaamua kupanda zao wenyewe kwa wingi, na katika miaka ya 1980 bei ikaporomoka vibaya. Leo Indonesia ndiyo inayoongoza kwa kuzalisha, na sehemu kubwa huivuta yenyewe kwa moshi. Karafuu imerudi kwao ilikozaliwa.

Watu huniuliza kwa nini basi sisi tusipande. Mwalimu mmoja jirani yetu alijaribu. Alileta miche minne kutoka Pemba, akaitia kivuli cha makuti, akaimwagilia kwa maji ya kununua. Ilishika vizuri wakati wa masika, lakini mvua zetu huja Novemba na kwisha Aprili au Mei, na baada ya hapo ni ukavu mtupu juu ya mchanga unaomeza maji. Kufika Septemba ilikuwa fimbo. Mkarafuu unataka mvua iliyotawanyika karibu mwaka mzima na hewa ya bahari. Huku ni nchi ya mikorosho, mti unaovumilia kiu.

Basi, na dawa je? Ndani ya karafuu mna mafuta mengi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kimoja kiitwacho eujenoli. Hicho ndicho chenye ile harufu, na ndicho kinachofanya ulimi ufe ganzi ukiitafuna. Ganzi hiyo ni ya kweli, haitokani na imani. Eujenoli huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari za maumivu. Wataalamu wa samaki hutia mafuta ya karafuu kidogo katika maji ili kumlaza samaki wanayetaka kumpima. Mwaka 2006 watafiti huko Kuwait walipaka ufizi wa watu karafuu iliyosagwa, wakailinganisha na dawa ya ganzi ya madukani, na zote mbili zilipunguza uchungu wa sindano kwa kiasi kilichokaribiana. Kwa hiyo bibi zetu waliotoa punje katika pindo la kanga na kumwambia mtoto aibane kwa jino linalouma walijua wanalolifanya. Eujenoli pia huua vijidudu vingi katika chupa za maabara, na chai yenye karafuu hutuliza tumbo lililojaa gesi kwa watu wengi, jambo ambalo kila mwenye nyumba amelishuhudia.

Lakini kuzima maumivu si kuponya. Jino hutoboka kwa sababu vijidudu, kwa kulishwa sukari, hutoa asidi inayolila. Karafuu huunyamazisha mshipa, na tundu linaendelea kuchimbika. Huyo mjomba wangu, kwa mapenzi yake ya Pemba, alikuwa na jino bovu upande wa chini, na katika miaka ya 1980 alilitibu kwa karafuu kwa miezi mitatu. Maumivu yalikwisha, naye akajisifu kwa kila mtu kwamba hospitali ni kwa wasiojua dawa. Kilichotokea ni kwamba mshipa wa jino ulikuwa umekufa, na usaha ulikuwa ukishuka kimya kimya katika taya. Asubuhi moja aliamka uso umevimba hadi shingoni, hawezi kufungua kinywa wala kumeza mate. Mke wake akaja kunigongea. Tulimpakia katika lori la magunia ya korosho, nami nilikaa nyuma nimemshika kichwa, nikimsikiliza anavyovuta pumzi, kwa maana uvimbe wa namna ile ukishuka kooni huziba njia ya hewa, na mtu hufa na jino tu. Alipona. Walimtoboa uvimbe, wakamchoma sindano kwa siku nyingi, wakaling'oa jino.

Haya nayaandika kwa sababu ya yale ninayoyasikia siku hizi. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa UVIKO-19, karafuu zilitiwa katika nyungu pamoja na malimau na tangawizi, na wako waliofukizwa huku wakiishiwa pumzi. Mvuke huzibua pua. Virusi vilivyo ndani ya mapafu hauvigusi. Sasa nasikia maji ya karafuu yanauzwa kwa wanawake ili yawasafishe uzazi, yawape mimba, yawapunguze unene, na kwa wanaume kwa mambo yao. Hakuna utafiti uliothibitisha hayo kwa binadamu. Kilichothibitika ni hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji: mafuta ya karafuu yaliyokamuliwa, yale ya kichupa, si sawa na punje za pilau. Ni makali mno. Mtoto mdogo akiyanywa, hata kijiko kimoja au viwili vya chai, anaweza kushikwa na degedege, akapoteza fahamu na ini lake likaharibika. Hata mtu mzima, akiyapaka ufizini bila kuyapunguza kwa mafuta mengine, huunguza nyama ya kinywa. Punje katika chai hazina neno. Kichupa kiwekwe juu, mbali na watoto, kama tuwekavyo mafuta ya taa. Na jino likiuma, karafuu ni ya usiku ule wa kungoja kupambazuke na gari lipatikane.

Mjomba alirudishwa hospitali baada ya wiki chache kwa ajili ya jino la pili, jirani ya lile lililong'olewa, ambalo lilikuwa na tundu dogo na bado lingeweza kuokolewa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mganga wa meno alichukua unga mweupe, nao ni oksidi ya zinki, akaudondoshea matone ya mafuta kutoka katika kichupa cheusi, akaukoroga juu ya kioo mpaka ukawa kama udongo wa kuzibia chungu. Ni dawa iliyotumiwa na madaktari wa meno duniani kote tangu karne ya 19. Huziba tundu kwa muda na kutuliza mshipa, na mafuta yale ni eujenoli. Kabla hajaambiwa chochote mjomba aliinua kichwa kutoka kitini, akavuta pumzi kwa pua mara mbili, akamtazama mganga kwa macho ya mtu aliyemgundua mwenzake.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe nawe umekaa Pemba?"